Karai la Mwalimu

Kila nikisikia harufu ya sabuni ya kipande kwenye maji baridi, nakumbuka shule yetu ya nasari, ya mabati, kule mtaa wa Kawangware.

Siku hiyo mwalimu alikuwa ameloweka nguo zake kwenye karai nyuma ya darasa. Mimi na rafiki yangu, msichana wa miaka mitano kama mimi, tulichuchumaa hapo na vifuniko vya soda tulivyookota kwenye matope. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kifuniko kikilazwa chali kinaelea, na maji yakiingia kinazama. Alirudia mara nyingi, kisha akaita kwa furaha.

"Ticha, kuja uone! Ni hiki hiki, lakini saa hii kimezama. Mbona?"

Mwalimu alikuja, akaona matope kwenye nguo zake.

"Nani amechezea maji yangu?"

Nilimnyooshea rafiki yangu kidole. Alikuwa bado anatabasamu.

Mwalimu alimshika kisogo. "Haya, tuone kama wewe utaelea." Akamzamisha uso kwenye karai, akamtoa, akamzamisha tena. Watoto walitoka darasani, wakacheka. Nilicheka kuliko wote, nikiogopa zamu yangu.

Tulipofika kwao jioni, mama yake aliuliza nguo za mwanawe zimeloweshwa na nini. Rafiki yangu alinitazama.

"Alikuwa anacheza na maji," nikasema.

Sikuwa nimefika kwetu, mlango wa tatu kutoka kwao, nilipomsikia rafiki yangu akichapwa na mama yake.