Sentimita Mbili za Shangazi

Kabla ya vita, shangazi yangu alikuwa akipima watoto wachanga kliniki. Anamlaza mtoto kwenye ubao, anamnyoosha miguu, anasoma, anaandika. Mzazi akimwambia, "Niongezee kidogo basi dada, baba yake afurahi," yeye hujibu, "Baba yake na aje apimwe mwenyewe." Hakuwahi kumwongezea mtu hata nusu sentimita. Wenzake wakambandika jina la Sentimita, naye, kwa kiburi cha ukoo wetu, akalipenda.

Vita vilipoanza akahamishiwa kwenye darasa la shule iliyofungwa, kupima vimo vya vijana wanaoingia jeshini. Mwanzoni jeshi lilichagua watu kama mtu anavyochagua nyanya sokoni asubuhi. Ukipungua sentimita mia na sitini na tano, rudi nyumbani. Nyayo bapa, rudi. Meno mabovu, rudi. Mwaka wa pili maji yakazidi unga. Meno yakasamehewa, maana risasi haitafunwi, kisha wakakubaliwa wenye miwani, kisha wenye nyayo bapa. Shangazi akaanza kuwaona kwenye foleni wale wale aliowalaza kwenye ubao wa kliniki. Mmoja akamwambia, "Shikamoo mama. Mama yangu anakusalimu sana." Akampima, akamwandika, akaenda msalani kulia.

Kwao alikuwa amebaki na mdogo mmoja tu. Kaka zao wawili, baba yangu akiwa mmojawapo, walikuwa wamekwisha kufa vitani. Huyu kitinda mimba, baba yangu mdogo, alikuwa fundi baiskeli, na sote tulimwita Nusu kwa ufupi wake. Ufupi huo ndio uliomweka hai. "Mungu kanipunja kimo," alikuwa akisema, "kanifidia umri." Tulicheka, isipokuwa Bibi, mama yao, ambaye kila Nusu alipochelewa kurudi alikaa mlangoni.

Mwaka wa tatu kimo kikashushwa hadi mia na sitini, Nusu akaitwa. Akapanga foleni, akavua viatu, akasimama mbele ya dada yake. Shangazi akateremsha kibao hadi utosini. Mia na sitini na moja.

Mwenzake wa meza ya macho alikuwa amemwandikia mpwa wake kifafa bila kupepesa, na daktari akasaini bila kuinua kichwa. Daktari yule alisaini chochote. Shangazi naye angeweza kuandika kifafa, au moyo, au kimo cha mtoto wa shule. Lakini mkono uliozoea kweli kwa miaka ishirini ulikuwa mzito. Akaandika mia na hamsini na tisa.

"Hafai," daktari akasema.

"Asante, dada," Nusu akanong'ona akifunga viatu.

"Kamshukuru mama aliyekuzaa mfupi," akamjibu kwa sauti, ili watu wacheke, nao wakacheka. Jioni ile Bibi alimaliza chakula chake chote.

Siku kumi na mbili baadaye waraka ukabandikwa mlangoni. Kimo sasa kilikuwa mia na hamsini na tano. Na kwa kuwa hapakuwa na muda, waliokataliwa kwa ufupi hawangepimwa tena. Wangechukuliwa kwa mujibu wa daftari. Shangazi akamwendea karani wa jeshi, akaomba ampime ndugu yake upya.

"Ya nini, mama?" karani akamwuliza kwa heshima zote. "Vipimo vyako vinaaminika kuliko vya mtu yeyote hapa."

Nusu walimchukua Jumanne, baiskeli ya mteja ikiwa imepinduliwa magurudumu juu. Barua ya kifo chake ililetwa mwezi wa pili tangu achukuliwe.

Shangazi alinieleza mimi peke yangu. "Ningeandika mia na hamsini na nne tu, mwanangu. Sentimita tano zaidi. Niliona haya kudanganya sana." Nilimkasirikia, sikatai. Haya gani hiyo, kwa watu waliokuwa wakituchinja kwa rula?

Bibi hajui. Kila asubuhi, shangazi akitoka kwenda kazini, Bibi humwekea mkono kichwani. "Mungu akubariki, mwanangu," humwambia. "Wewe ulifanya yote uliyoweza."

"Amina, mama," shangazi huitikia.