Ngozi ya Nyuma ya Fuwele

Nyumbani kwake maziwa hayakuchemka, yalifurika. Mumewe, fundi cherehani mwenye subira ya uzi, alikuwa amekwisha kuzoea, ila wageni wakija aliwaambia kuwa mkewe anaweza kuunguza hata barafu. Kazini nako, maabarani, walimwita Mama Jivu, na jina hilo hakuliokota njiani.

Kazi yake ilikuwa kuichokoza fuwele, kijiwe angavu ambacho atomi zake zimejipanga safu kwa safu, kwa mwanga wa leza. Mumewe alipouliza hiyo ni kazi gani ya mtu mzima, alichukua kijiko akagonga sufuria. Ukigonga taratibu, alimweleza, utasikia sauti moja. Ukigonga kwa nguvu, juu ya ile sauti zinazuka nyingine nyembamba, za juu zaidi. Mwanga nao ni hivyo hivyo: leza kali ikiipiga fuwele, elektroni zilizomo ndani zinayumbishwa huku na huku mpaka zinashindwa kufuata mdundo, ndipo zinatoa mwanga mpya unaotetema mara tano, saba, hata tisa ya ule ulioingia. Harmoniki za juu, ndilo jina lake. Mume alitikisa kichwa, akaomba sufuria irudishwe kabla haijabonyea.

Mtego ulikuwa hapo. Leza ikiwa dhaifu, huambulii kitu. Ikizidi, fuwele inatoboka. Na huyu ni mtu wa kuzidisha. Alikwisha kutoboa tatu. Ilibaki moja, nyembamba kuliko ukucha, na asubuhi moja mkuu wa maabara alimwambia, kwa upole unaouma kuliko tusi, kwamba mchana ukifika hana cha kuonyesha, leza na meza yake vitapewa utafiti wa gesi, na utafiti wa fuwele ufungwe. Ujana wake wote wa kazi uliishia kwenye meza ile.

Utafiti wa gesi ulikuwa wa jamaa mmoja mcheshi, Bwana Gesi. Yeye harmoniki zake alizipata ndani ya gesi, na gesi haitoboki. Asubuhi hiyo alitokea na futi ya kupimia.

"Sina haraka, dada. Naangalia tu kama vitu vyangu vitaenea."

Mama Jivu aliifuta fuwele uso, akaibana kwenye kishikio, akawasha leza. Skrini, ambako kila harmoniki hujionyesha kama mstari, ilikuwa tupu. Akaongeza nguvu kidogo. Tupu vilevile. Mkono ukarudi kwenye kitufe cha nguvu, ule ule uliotoboa tatu za mwanzo.

"Ukiongeza hapo unaizika," Bwana Gesi alisema, na safari hii hakuwa anatania.

"Nisipoongeza?"

"Utabaki na fuwele nzima na meza huna."

Akazima leza. Kama ni kuizika, alitaka kwanza kumwangalia marehemu. Aliifungua, akaigeuza chini ya taa, na huko nyuma akakuta alama ya kidole gumba, nene, yenye mafuta. Kilikuwa chake. Alipashika hapo alipokuwa akifuta mbele.

Sasa, hakuna mgeni aliyewahi kuingia maabara ile asihubiriwe na Mama Jivu somo moja: mwanga mpya unaozaliwa katikati ya fuwele humezwa na fuwele yenyewe, unaotoka salama ni ule wa kwenye ngozi ya nyuma. Mhubiri mwenyewe alikuwa ameosha mlango wa kuingilia, wa kutokea akaupaka mafuta.

"Cheka nikutie kwenye leza," alisema.

Bwana Gesi hakucheka. Alimsogezea spiriti na kitambaa cha lenzi.

Aliifuta nyuma, akaibana tena, na akapunguza nguvu. Yeye, kupunguza! Skrini ikatoa mstari wa tano, kisha wa saba, na kule mbali wa tisa, mnyonge kama mtoto njiti, lakini hai. Alipoizungusha fuwele polepole, mistari ikapanda na kushuka kwa kufuata mpangilio wa atomi zake. Mkuu wa maabara alipokuja alitazama, halafu akavuta kiti akaketi. Bwana Gesi akaviringisha futi yake akaitia mfukoni.

Mama Jivu akampigia mumewe simu.

"Fuwele ni nzima," alisema. "Na imetoa mwanga."

Upande wa pili cherehani ikanyamaza.

"Njoo basi nyumbani, mke wangu," mumewe akasema. "Maziwa leo nachemsha mimi. Tusijaribu bahati mara mbili."