Kichwa cha Bhoke Juu ya Simu ya Daktari

Siku uvumilivu uliponiisha nilimvua Bhoke kofia, nikakilaza kichwa chake mezani, juu kabisa ya simu ya daktari. Ilikuwa mara ya tatu tunakaa mbele yake kwenye kituo cha afya, na mara ya tatu anasema, "Mapunye hayo mama, endelea na ile tyubu," bila kunyanyua macho. Mwanangu ana miaka saba. Kisogo kizima kilikuwa vipele vya usaha, nywele zinang'oka, na asubuhi mto unanata.

"Mama, vipi! Unachafua ofisi."

"Ichafuke! Angalia kwanza."

Nje kwenye benchi bibi mmoja akadakia, "Mwonyeshe! Mimi nilileta sikio akanipa dawa ya tumbo." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Sisi tuliokulia Issenye, enzi zetu kichwa cha mtoto kilikuwa shughuli ya ukoo. Jumamosi tunapangwa uani, bibi yangu kashika nusu ya wembe na kipande cha sabuni ya mche. Wembe huohuo unaanza kwa wakubwa, unapita kwa binamu, ukinifikia mimi wa mwisho umeshachoka, haunyoi tena, unakwangua. Ukilia unaambiwa, "Tulia, hata ndama ana adabu kuliko wewe." Ukishanyolewa, kila anayepita anakupiga konzi, eti kipara kizoee. Kisha tunapakwa samli, na kesho yake kanisani benchi letu lote linanuka maziwa.

Mapunye tulipata wote, maana ule wembe haukuwa mchoyo. Vijana wa leo, wanaochorwa ramani vichwani, wakitokwa na kipele kimoja wanaweka status: niombeeni. Sisi tulipakwa mafuta ya taa. Yakishindwa, unaletwa ule unga mweusi wa betri za redio ya babu. Mpaka leo sijui kama tulikuwa tunatibiwa au tunachajiwa. Binamu yangu Marwa aliungua kichwa mpaka akawa analala kifudifudi. Kwa hiyo sisemi bibi alijua dawa. Hakujua.

Lakini alikuwa anaangalia. Anakuweka katikati ya magoti, juani, anapasua nywele kwa kidole, anabonyeza. "Inawasha au inauma? Hiki kimetoka lini?" Akishamaliza kuuliza yote hayo ndipo anakosea.

Basi daktari wetu, kichwa kilipomlalia mezani, akavaa glovu. Kumbe anazo! Akabonyeza, usaha ukatoka, akauliza mtoto alinyolewa wapi. Nikamwambia shuleni, siku ya kufungua, darasa zima kwa mashine moja.

"Hii siyo mapunye," akasema polepole. "Ni mashina ya nywele yameingia vijidudu." Akaandika vidonge, akasema asinyolewe mpaka apone. Halafu, bila haya, akaniuliza, "Mbona hukusema mapema kwamba kuna usaha?"

Siku hizi dawa zipo, glovu zipo, na wasomi tunao. Bibi hayupo. Nikimkumbuka siukumbuki sana wembe wala betri. Nakumbuka kidole kinachopita kichwani taratibu, na joto la magoti yake. Wiki moja baadaye nilimrudisha Bhoke kwa daktari kumuuliza habari ya nywele, nikatoka pale nikanunua karatasi, nikaandika, nikaipeleka mwenyewe:

*Kwa Mganga Mfawidhi. Mimi ni mama wa Bhoke, mkazi wa Kerende. Nalalamika kwamba mwanangu alitibiwa mapunye mara mbili, na mara ya tatu karibu atibiwe tena, bila kuguswa kichwa. Silalamikii dawa kukosekana. Silalamikii foleni. Vidonda vimeanza kukauka, lakini kuna sehemu kisogoni, upana wa kifuniko cha soda, haina nywele, na daktari wenu hajui kama zitaota. Bhoke ananiuliza kila asubuhi. Naomba Bhoke aitwe, aketi mbele ya huyo daktari, na daktari amjibu yeye mwenyewe.*