Dada wa Kazi wa Eustadia

Eustadia alikuwa mwanamke wa kujipenda, na mtaa mzima wa Kibagabaga, Kigali, ulimjua hivyo. Vitenge vya duka lake la Gisimenti alivivaa kwanza yeye ndipo wateja wavione, na Kiswahili chake cha Karagwe, alikokulia wazazi wake wakiwa wakimbizi, kilimtoka kwa madaha hata akiwa anagomba. Alikuwa mjane. Alikuwa pia mwongo, ila uongo wake ulikuwa mmoja tu, tena mkubwa: Shami, binti aliyeishi naye, ambaye majirani walijua ni dada wa kazi, alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Hakuupanga uongo huo. Siku walipohamia, jirani mmoja alichungulia getini, akamwona Shami, msichana mkubwa kabisa, amejitwika godoro huku akicheka peke yake. Akauliza, "Huyu ni wa kazi?" Eustadia alikuwa amechoka. Alikuwa amechoshwa zaidi na miaka ya kuulizwa mtoto ana nini, mbona hajui kusoma, mbona anarudia swali moja kutwa. Akajibu, "Ndiyo." Neno dogo tu, likampa raha ya ajabu. Hakuna aliyemwonea huruma tena, wala wa kumpeleka kwenye maombi. Ni aibu, na mwenyewe aliijua, lakini kila alipotaka kusahihisha aliona ameshachelewa.

Basi kila asubuhi alikwenda dukani na Shami akabaki ndani, geti limefungwa kwa komeo la ndani. Angalau Eustadia aliamini hivyo.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo kila nyumba hutoa mtu wa kufanya kazi ya pamoja. Eustadia alichukua jembe lake akaenda kuzibua mtaro na wenzake, amemwacha Shami jikoni anamenya viazi. Hata jasho halijamtoka, akasikia vicheko nyuma yake. Walikuwa vijana wa kikundi cha Christella wakishuka na makoleo. Kikundi hicho kilijulikana mtaani: vijana wanaojifunza polepole, ambao shule ziliwachoka mapema. Christella, mshonaji, pamoja na majirani wengine waliwakusanya sebuleni kwake kila siku, wakawafundisha kutengeneza sabuni, kwenda sokoni, kujieleza mbele za watu. Na katikati yao, ndani ya mabuti yaliyomzidi miguu, alikuwa Shami.

Jembe lilimponyoka Eustadia. Watu walikuwa wanamwita mtoto wake kwa jina, "Shami, leta huku!", "Shami, umeamkaje?", naye anawajibu mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake. Eustadia hakuwahi kujua kwamba Shami anaweza kushika majina ya watu. Alipigwa na bumbuazi hata akasahau kuogopa.

Hofu ilikuja baadaye. Kazi ilipokwisha, watu walikaa nyasini kwa mkutano, na mzee Rutayisire, kiongozi wa mtaa, akampa Christella nafasi ya kusema. Christella alikulia Bukavu. Akikasirika huacha Kinyarwanda na kuingia Kiswahili chake.

"Huyu mutoto tuko naye tangu mwaka jana," alianza. "Mama Eustadia akienda ku kazi, mimi napiga hodi, mutoto anafungua, tunaenda. Mbele ya jioni tunamurudisha. Leo anajua kupika sabuni, anajua kuwasha moto yeye peke yake. Lakini rwose, kweli kabisa, mimi nauliza: mutu anachukua mutoto wa watu, mwenye kuelewa polepole, anamufungia mu nyumba kama mbuzi! Kanisa hapana, rafiki hapana. Haki iko wapi?"

"Haiko!" watu waliitikia.

"Basi leo harudi kule. Atalala kwangu, tutafute wazazi wake."

Makofi yakapigwa. Rutayisire akageuka. "Mama Eustadia, wewe unasema nini?"

Eustadia alisimama. Kumbe wanamchukua! Watu wale wema, waliomfanyia mtoto wake yote ambayo yeye hakuthubutu kuyajaribu, sasa wanamnyang'anya, na kwa walivyojua wana haki kabisa.

"Ni mwanangu," alisema.

Watu wakaguna. Mmoja akacheka.

"Ni leo amekuwa mutoto wako?" Christella aliuliza.

"Nimemzaa mimi. Muulizeni mwenyewe."

Christella akamshika Shami bega kwa upole. "Shami yangu, huyu mama ni nani kwako?"

Shami akasimama wima, mikono ubavuni. "Ni mabuja," alijibu kwa sauti safi, kama mtumishi yeyote wa Kigali anavyomtaja mama aliyemwajiri. Kisha akamtazama Eustadia kuona kama amepatia.

Eustadia ndiye aliyemfundisha neno lile la kutumia mbele za watu, jikoni, kwa peremende, akirudia na kurudia mpaka koo likamkauka, wakati walimu wote walikuwa wameapa kwamba mtoto huyu hashiki kitu. Alikuwa amelishika barabara.

"Hapana, mwanangu," alisema, machozi yanamtoka mbele ya mtaa mzima wala hajali. "Leo sema kweli. Waambie mimi ni nani."

Shami alishtuka. Akautazama umati, akamtazama mama yake, uso umejaa wasiwasi. Alimsogelea haraka, akamziba mdomo kwa kiganja chenye matope, akainamia sikio lake ili amnong'oneze. Ila Shami hajui kunong'ona. Sauti yake ya siri ni ileile ya siku zote.

"Mama, nyamaza," alisema, na mkutano mzima ukasikia. "Kuna watu."