Sauti ya Mjomba Juu ya Tangi

Ilianza Jumamosi, tarehe 21 Aprili 1979, saa tatu na robo asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya maji na ndoo yangu. Kontrakta alifika kwa baiskeli, akaiegemeza kwenye mguu wa mnara wa tangi la mtaa wetu, akavua kofia na kutazama juu kama mtu anayemsalimu rafiki. Nyuma yake lilikuja kundi la wanaume waliotaka kazi, na mmoja wao alikuwa mjomba wangu.

Kazi yenyewe ilikuwa kupaka rangi mabomba ya moshi kule viwandani, yale marefu ambayo ukiyatazama sana shingo inauma. Kontrakta, mzee mpole kutoka Nyeri, aliwahi kumwajiri mtu aliyefika juu ya bomba, akatazama chini, akalikumbatia mpaka jioni. Tangu siku hiyo haajiri mtu kabla hajamsikia akiimba. Unapanda ngazi ya tangi, unasimama ukingoni, unaimba ubeti mmoja wa wimbo wowote, na yeye anasikiliza chini akiwa amefumba macho.

"Miguu inaweza kujikaza," aliwaambia, "lakini koo halijui kudanganya."

Mjomba alikuja Nairobi baada ya Krismasi na tangu hapo kochi letu ndilo kitanda chake. Baba ni mtu wa reli na hapendi maneno mengi. Alikuwa ameshasema kwamba mwezi ukiisha bila kazi, atamkatia shemeji yake tiketi ya treni ya Butere, arudi nyumbani. Hakusema kwa ubaya. Vyumba ni viwili na sisi ni wengi. Lakini mimi sikutaka aende. Mjomba ndiye mtu pekee ninayeweza kuongea naye bila kutazama vidole vyangu. Huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na akiniita hivyo nasahau kwamba nina haya. Hata kwenye kwaya mimi husimama safu ya nyuma, nafungua mdomo tu na kuwaachia wengine sauti.

Ana kasoro moja. Huimba kila asubuhi bafuni, na hajui kuimba. Wimbo wake huanzia nyumba yetu ukaishia kwa jirani. Mama alitukataza kumwambia. Mtu akimwimbia Mungu, alituuliza, nyinyi mna masikio ya nani? Basi mjomba hajui. Majirani wakigonga ukuta, yeye hudhani wanampigia ngoma.

Wa kwanza kupanda alikuwa kijana mwenye suruali pana chini na sauti tamu kabisa. Alifika katikati ya ubeti, akatutazama huku chini, na wimbo ukageuka kuwa Baba Yetu. Kontrakta alisubiri amalize, akasema amina, akamwomba ashuke. Wa pili alisahau nyimbo zote duniani isipokuwa wimbo wa taifa. Ikabidi sote tusimame wima. Mama mmoja alikuwa ameinua ndoo hajaifikisha kichwani, akabaki nayo kifuani, maji yakimwagikia kanga, mpaka ubeti ukaisha. Huyo wa pili alipata kazi.

Kisha mjomba. Alipanda kama anayeingia jikoni kwake. Juu aliwapungia watoto, akaachia chuma kabisa, mikono yote miwili hewani, akaanza wimbo wake wa kila asubuhi kwa furaha yote aliyo nayo. Nilijua kila mahali ambapo angeteleza, na kila mahali aliteleza.

Lakini kontrakta alikuwa amefumba macho. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Huyo anatetemeka. Mwambieni ateremke polepole, asitazame chini."

Mjomba alishuka uso ukimng'aa, akaninong'oneza kwamba leo ameimba vizuri kuliko siku zote. Ndipo kontrakta akamshika bega na kumwambia kuogopa si aibu, hata yeye mwenyewe huogopa nyoka. Mjomba alisema hakuogopa. Lakini wote husema hivyo, na mwingine alikuwa ameshakamata ngazi. Mjomba akaokota koti lake.

Nilikuwa na neno moja tu la kumwokoa, na ndilo lingemuumiza. Niliweka ndoo chini.

"Mzee, hata chini huimba hivyo hivyo."

Hakunisikia. Hakuna anayenisikia mara ya kwanza. Nikarudia, na safari hii hata walio mwisho wa foleni waligeuka. "Haogopi. Ni kwamba hajui kuimba."

Mjomba alinitazama, koti likiwa mkononi. Nikatamani ardhi inimeze.

"Ni kweli, mzee," akasema jirani yetu wa ukuta mmoja. "Sisi ndio tunaoamshwa."

Kontrakta akamwambia mjomba aimbe hapo hapo, miguu ikiwa kwenye matope ya bomba la maji. Mjomba aliimba polepole, bado akinitazama. Alipofika mahali pake, sauti ikaenda zake.

"Hapo!" jirani akasema. "Hapo ndipo huanguka kila siku."

Kontrakta alifumbua macho, akacheka mpaka akashikilia baiskeli. Foleni nzima ikacheka. "Jumatatu, saa moja asubuhi," akamwambia. "Na ukiwa juu, tafadhali, fanya kazi kimya."

Tulirudi nyumbani, mjomba amenibebea ndoo. Tulipokaribia mlango, akaitua.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu uje."

"Na wote mlikuwa mnajua."

Nilimwambia kwamba mama yangu ndiye aliyetukataza. Akaitikia kwa kichwa. Jioni tulikula chapati, na baba alimpa mkono mara mbili, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Mjomba alicheka na kila mtu, ila hakupiga hata mluzi.

Asubuhi yake, Jumapili, niliamka nikasikia maji bafuni na hakuna wimbo. Majirani walikuwa nje wakiwasha majiko, wameinua vichwa kama watu waliokosa kitu. Nilitoka na taulo mabegani, nikasimama kando ya mlango wa bafu, nikaanza ubeti wake tangu mwanzo. Sikufungua mdomo tu. Nilitoa sauti. Maji yakanyamaza ndani. Nilipofika pale anapoanguka, mjomba akadakia, akaanguka palepale, mtu akagonga ukuta, nami nikapandisha sauti.