Mstari wa Sifuri

Programu niliyoiandika haikuwa na makuu. Ilisoma maneno yangu, SHUSHA, PANDISHA, SHIKA, ikayageuza kuwa safu za sifuri na moja, zile amri za ndani kabisa ambazo kichakataji huzitii bila kuuliza. Kichakataji chenyewe kilikuwa kwenye winchi kuukuu kule machimboni Kamatanda, na winchi hiyo ilimshusha kaka yangu shimoni kila asubuhi ndani ya kikapu cha chuma. Kumbukumbu ya kichakataji hicho ilikuwa imekufa, wachimbaji wakaniomba niiandike upya. Nilivimba kichwa, sifichi.

Nilijaribu kila kitu nyumbani Kikula kwa betri ya gari, maana umeme wetu ungenikatikia kila saa. Nikiwasha, nilibonyeza kitufe cha kuanzia mstari wa kwanza, mambo yakaenda. Wiki nzima, hakuna kosa.

Hapa Likasi umeme ukikatika kila mtu huchomoa friji na redio, kwa sababu ukirudi hurudi na hasira, ukaunguza vyombo. Mzee wa winchi naye huzima swichi kuu. Nilimcheka.

"Hii ya mupya haiunguake, papa," nikamwambia. "Acha tu, itaanza yenyewe."

Kesho yake, saa nne asubuhi, umeme ulikatika. Nilikuwa nyumbani na daftari langu, nikiipitia kazi yangu kwa kidole, kwa kujifurahisha tu. Mistari nilikuwa nimeihesabu kuanzia moja, kama tulivyofundishwa. Lakini umeme ukirudi wenyewe hakuna wa kubonyeza kitufe, na kichakataji huanzia sifuri. Mstari ule sikuuandika. Programu yangu, badala ya kulalamika, iliujaza sifuri tupu, na kwenye winchi ile sifuri ni kuachia breki.

Umeme ukiwa haupo, breki inashika. Ukirudi, inaachia. Nikampigia mzee.

"Yaya yangu iko wapi?" nikamuulizia kaka.

"Iko mu kikapu, katikati ya shimo. Tunangojea courant irudi."

"Zima swichi, papa! Zima!"

"Lakini weye ulisema tusizimake..."

Kwa mara ya kwanza maishani niliomba umeme usirudi. Taa ya sebuleni ikawaka, na mtaa mzima ukashangilia.

Kaka anatembea kwa magongo sasa. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Umeme ukirudi, watoto wake hupiga kelele za furaha. Yeye hunitazama mimi.