Mguu Ulioniokoa

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, marahaba kama mimi ni baba yako. Nadhani ni marahaba, maana sitini nimeshaivuka. Jina langu na la kijiji changu yabaki hapo kwako.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Magu, lakini nusu ya maisha yangu nimeishi ugenini, Biharamulo. Nina mke mmoja. Hatukujaliwa mtoto. Wanawake wenzake huitwa Mama Fulani na Mama Fulani; wangu huitwa Mama, basi, jina linaishia hapo.

Katika miaka ya tisini, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye pamba, nilipata kazi ya kupima pamba kwa tajiri mmoja wa Mwanza mjini. Nilikuwa nimeoa msimu uleule. Siku moja mkulima alileta gunia alilokwisha kulipima kwingine, na mizani yetu ikasoma pungufu. Tajiri alikuwa ameichezea springi. Mimi na msaidizi wangu hatukujua, lakini nani angetusikiliza? Mwano ukapigwa, lile yowe la Kisukuma la kuitana, na sungusungu, walinzi wa vijiji vyetu, wakatoka mashambani na marungu na mishale. Msaidizi wangu akakimbia. Walimkamata kwenye majaruba ya mpunga. Nilisikia rungu la kwanza likivunja kitu kigumu, kisha mengine yakitua kwenye kitu laini. Walimburuta hadi kwenye rundo letu la pamba wakammalizia hapo, na pamba ikainywa damu yake.

Ikawa zamu yangu. Miongoni mwao alikuwemo kaka yangu, wa tumbo moja. Kamanda wao akamwambia, "Kama ni ndugu yako, anza wewe." Kaka alinitazama, halafu akanipiga teke katikati ya mapaja. Alivaa katambuga, viatu vya tairi la gari. Nilipoinama akarudia palepale. Nilihisi kitu kikipasuka ndani, nikatapika, nikaanguka. Akaendelea na mbavu mpaka nikatulia. Ndipo akawageukia wenzake: "Huyu amekwisha. Nendeni mkanawe." Wakaamini. Yeye mwenyewe ndiye aliyerudi baadaye akanipakia kwenye lori, nikavuka kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi nikiwa nimefunikwa magunia, na mke wangu ameketi juu yangu kama mwenye mzigo wake.

Uvimbe ulichukua wiki nyingi kuisha. Mtoto hakuja. Tulirudi Mwanza kwa siri kumwona daktari, nikamdanganya kwamba niliwahi kuanguka. Alipima, akaniita nichungulie kwenye darubini. Mbegu zangu zilikuwa hai, tena nyingi, ila zimenasana vichwa, zinapiga mikia bila kwenda popote. Alinieleza polepole. Damu ina chembe ambazo ni askari wa mwili, na tangu utotoni hufundishwa kuwatambua wenyeji. Mbegu za kiume huanza kutengenezwa wakati wa balehe, askari wamekwisha kuhitimu, kwa hiyo hawazijui. Ndiyo sababu korodani zina ukuta wake, na wapo askari wapole waishio humohumo, kazi yao kutuliza ghasia. Pigo kubwa likibomoa ukuta, wale wa nje huingia kwa hasira, hukuta sura ngeni, hutengeneza silaha za kuzinasa. Si kila pigo huleta hayo, alisema, lakini langu lilileta. "Na wakishamsoma adui hawamsahau," akaongeza. "Ni kama sungusungu waliokosea mtu."

Hakujua alichokisema. Mke wangu alinishika mkono chini ya meza mpaka kucha zikaingia. Nilipewa vidonge vya kuwatuliza hao askari. Uso ukavimba, tumbo likavuja damu, vikasitishwa. Tukiwa njiani kurudi, mke wangu akasema, "Bila kaka yako ungekuwa kaburini. Mwache aamini tatizo ni mimi."

Na aliamini. Alipokuja kututembelea, alisimulia kwa majirani jinsi alivyoniokoa, akiwaonyesha mguu wenyewe. Kisha akamgeukia mke wangu, akamwambia kwamba anakula chakula cha watoto aliokataa kuwazaa, akamzaba kofi. Nilisimama nikamkaba koo. Mke wangu ndiye aliyenibandua vidole. Akatema damu na jino, akaenda jikoni, akampakulia shemeji yake wali.

Sasa kaka amepiga simu. Sukari imeuozesha ule mguu, wiki ijayo unakatwa. Anacheka, ndivyo alivyo. "Mdogo wangu, mguu uliokuokoa unaondoka. Njoo uuage. Ila huyo tasa wako mwache hukohuko." Simu ilikuwa na sauti kubwa. Mke wangu aliendelea kuchambua maharage mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Nenda ukauage. Uuambie na kile kingine ulichokifanya mguu huo. Usipouambia, ukirudi hutanikuta."

Hatanii. Begi lake liko kitandani.

Kaka hana fahari nyingine iliyobaki. Ng'ombe wamekwisha, watoto wake hawamsogelei, kwa kuwa nao aliwalea kwa fimbo. Amebaki na siku ile moja tu ambayo mguu wake ulifanya jema. Nikimweleza, nami nitakuwa nimempiga teke pale asipoweza kuinuka. Nikinyamaza, nitampoteza mtu aliyepigwa kofi kwa ajili yetu sote wawili. Daraja la Busisi limekamilika, siwezi tena kusingizia kivuko.

Namjua kaka. Nitakapofika atafunua shuka mbele ya ukoo wote, aniambie: haya, sema neno la mwisho na mguu huu. Nishaurini wanangu, niuambie nini?